Deni, Mzigo na Uamuzi: Kuongoza Biashara Kati ya Lodwar na Kakuma

Katika biashara kuna matatizo na kuna maamuzi magumu, na viwili hivi havifanani. Tatizo lina jibu. Friji ikigoma, fundi huitwa. Lori likikwama, trekta hutafutwa. Mahesabu yasipolingana, daftari hurudiwa mstari kwa mstari mpaka kosa lionekane. Uamuzi mgumu ni jambo jingine. Hapo kila njia ina hasara yake, habari zilizopo hazitoshi, na kuna mtu atakayeumia kwa lolote litakaloamuliwa. Kiongozi wa biashara, awe mwenye duka la mabati au meneja wa kampuni yenye wafanyakazi mia, hupimwa kwa namna anavyotenganisha mambo haya mawili, na kwa namna anavyosimama mbele ya lile la pili.

Barabara ya takriban kilomita 120 kutoka Lodwar hadi Kakuma, katika kaunti ya Turkana, hufundisha somo hili kwa uwazi kuliko vyumba vingi vya mikutano. Lodwar, kando ya mto Turkwel, ni makao makuu ya kaunti. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, mishahara ya serikali ya kaunti, ofisi, benki na wanafunzi wa chuo vimeupa mji huo mzunguko wa fedha ambao haukuwepo. Kakuma ina historia nyingine. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, walipowasili maelfu ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, na baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine. Makazi ya Kalobeyei yakaongezwa jirani mwaka 2016. Leo kambi na makazi hayo kwa pamoja yana takriban watu 300,000. Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lilitoa mwaka 2018 utafiti ulioitazama Kakuma kama soko. Lilikuta biashara zaidi ya 2,000, zikiwemo 14 za jumla, na uchumi uliokadiriwa kuwa dola milioni 56 za Marekani kwa mwaka. Hilo ni soko kamili, lenye washindani, wakopeshaji, wasambazaji na wateja wanaojua bei.

Kazi ya kwanza ya kiongozi katika soko kama hilo ni kulijua tatizo lenyewe kabla ya kukimbilia dawa yake. Rafu ikiwa tupu, mwenye duka huona kwamba bidhaa hazipo. Lakini kutokuwepo kwa bidhaa ni dalili tu. Huenda barabara imekatika kwa maji ya laga, yaani mto wa msimu, baada ya mvua. Huenda dereva amezuiwa Kainuk, kwenye barabara ya kutoka Kitale, kwa hofu ya majambazi. Huenda mwenye duka la jumla amekataa kutoa mzigo kwa sababu ule wa mwezi uliopita haujalipwa. Au huenda mtaji wote umo ndani ya daftari la madeni. Kila chanzo kina tiba yake, na tiba ya kimoja huweza kuwa sumu ya kingine. Anayechukua mkopo wa benki kujaza rafu, ilhali chanzo cha upungufu ni wateja wasiolipa, huongeza deni la pili juu ya la kwanza, na rafu hurudi kuwa tupu baada ya majuma machache.

Turkana ina mfano mkubwa wa kukosea hatua hii ya kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Norway, kilijengwa Kalokol, karibu na ufuo wa Ziwa Turkana, kiwanda cha kugandisha minofu ya samaki. Mawazo nyuma yake yalikuwa mema: wafugaji waliopoteza mifugo kwa ukame wangevua, samaki wangehifadhiwa kwa baridi, na minofu ingeuzwa mbali kwa bei nzuri. Lakini kugandisha samaki katika joto la Turkana kulihitaji umeme mwingi na maji safi mengi, na gharama ya vyote viwili ilizidi bei ambayo samaki wangeleta. Kiwanda kilifanya kazi kwa muda mfupi tu. Kisha maji ya ziwa yakashuka, na Ghuba ya Ferguson, ambako samaki wengi walikuwa wakivuliwa, ikakauka katikati ya miaka hiyohiyo ya 1980. Wavuvi wakaendelea na njia waliyoijua: kuwapasua samaki, kuwatia chumvi, kuwakausha juani na kuwauza kwa wafanyabiashara waliowapeleka hadi magharibi mwa Kenya na Kongo. Swali lililoulizwa wakati wa kupanga lilihusu kiwanda. Lililohitajika kuulizwa lilihusu gharama ya kilo moja ya samaki kutoka majini hadi mezani, na nani angeilipa mwaka hadi mwaka.

Kazi ya pili ni kujua fedha zinatoka wapi hasa. Mteja anayesimama mbele ya kaunta si lazima awe ndiye chanzo cha malipo. Kakuma inaonyesha jambo hili wazi. Kuanzia mwaka 2015, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza kutoa sehemu ya mgao kwa njia ya simu, katika mpango ulioitwa Bamba Chakula. Badala ya kupewa nafaka zote mkononi, familia ilipata thamani yake katika laini ya simu na kununua chakula kwa wafanyabiashara waliosajiliwa, wakimbizi kwa wenyeji. Mpango huo uliamsha biashara. Maduka madogo yalipata wateja wa uhakika kila mwezi, wenye maduka ya jumla wakaagiza malori mazima ya unga, mchele, maharagwe na mafuta, na Kalobeyei ikajaa vibanda. Baadaye familia nyingi zikaanza kupokea fedha taslimu zisizo na masharti ya mahali pa kununua.

Juu ya msingi huo likajengwa deni. Fedha ziliingia mara moja kwa mwezi, lakini njaa huja kila siku, na mgao ulikuwa ukiisha kabla ya mwezi kwisha. Familia ilichukua unga, sukari na mafuta kwa mkopo, mwenye duka akaandika jina, tarehe na kiasi kwenye daftari la kurasa zenye mistari, na mara nyingi akabaki na kadi ya benki au laini ya simu ya mteja kama dhamana. Siku fedha zilipoingia, deni lilikatwa kwanza. Kwa mwenye duka huo ulikuwa utaratibu wa kumfunga mteja asihamie kwingine. Kwa mteja ulikuwa njia ya kula tarehe 20. Wote wawili walijua kwamba fedha zingeingia, na imani hiyo ndiyo iliyoshikilia mfumo mzima.

Mwaka 2025 imani hiyo ilivunjika. Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote, ilikata misaada yake ya nje, na WFP ikapunguza mgao Kakuma hadi chini ya theluthi moja ya kiwango cha chini cha chakula anachohitaji mtu. Malipo ya fedha yakasimamishwa. Kuanzia Agosti mwaka huo msaada ukaanza kutolewa kwa makundi, kulingana na uhitaji wa kila familia, na baadhi ya familia zikaachwa nje. Uamuzi uliofanywa Washington ukafika kwenye daftari la duka la Kalobeyei katika muda wa miezi michache. Hapo ndipo udhaifu wa dhamana ile ulipoonekana. Kadi iliyokuwa mkononi mwa mwenye duka ilikuwa na thamani kwa sababu mtu wa tatu alikuwa akiweka fedha ndani yake. Alipoacha kuziweka, dhamana na malipo vilitoweka pamoja, kwa kuwa tangu mwanzo vilikuwa kitu kimoja. Funzo kwa mkopeshaji yeyote ni hili: dhamana inayotegemea mkono uleule unaolipa deni haimlindi dhidi ya hatari anayoiogopa.

Uamuzi unaomkabili mwenye duka katika hali hiyo ni mgumu kwa maana kamili ya neno. Hesabu yake ni kali. Tuseme bidhaa ya shilingi 10,000 iliyotolewa kwa mkopo ilinunuliwa kwa shilingi 9,000, yaani faida ni shilingi kumi katika kila mia ya mauzo. Deni hilo likipotea, duka litalazimika kuuza bidhaa za shilingi 90,000 ili kurudisha zile 9,000 za mtaji. Wateja kumi wa aina hiyo ni mauzo ya shilingi 900,000 yanayofanywa bure. Kwa hesabu hiyo, kufunga daftari leo kungekuwa jibu jepesi. Lakini mteja anayenyimwa ni jirani wa miaka, mama ambaye watoto wake wanajulikana kwa majina, na mara nyingi ni mtu aliyelipa bila kukosa kwa muda wote fedha zilipokuwepo. Hajaacha kulipa kwa hila. Zaidi ya hayo, duka lililomfukuza mteja wakati wa njaa halimpati tena mambo yakitengemaa.

Njia zilizo wazi ni tatu. Ya kwanza ni kuendelea kukopesha kama zamani. Hii ni huruma isiyo na umri mrefu, kwa sababu duka likifilisika hakuna atakayekopeshwa tena, na wafanyakazi wake nao huingia katika foleni ya wahitaji. Ya pili ni kusimamisha mikopo yote siku moja. Hii huokoa kilichobaki rafuni, lakini huharibu uhusiano uliojengwa kwa miaka na kumpa mdaiwa sababu ya kutolipa hata anapoweza. Ya tatu ni kugawa. Wapo wateja wenye kipato kingine: waendesha bodaboda, mafundi cherehani, wanaolipwa posho na mashirika, wanaotumiwa fedha na ndugu walio Marekani au Australia. Hao wanaweza kuendelea, kwa kikomo kilichoandikwa. Wapo wasio na chochote isipokuwa mgao. Kwa hao deni la zamani hugandishwa na kulipwa kidogo kidogo, na mkopo mpya hubaki kwa unga na maharagwe tu, kwa kiasi kidogo ambacho duka linaweza kukipoteza bila kuanguka. Soda, biskuti na sukari ya ziada hutoka kwenye orodha ya mkopo.

Njia ya tatu ina gharama yake: humlazimu mwenye duka kuwatazama watu na kuwaambia wazi ni nani atapewa na nani hatapewa. Wengi huikwepa kwa sababu hiyo, kisha huishia kwenye ya kwanza au ya pili bila kuichagua. Hii ni tabia mojawapo ya maamuzi magumu. Asiyeamua, mambo huamuliwa bila yeye, na kwa kawaida huamuliwa kwa bei ya juu zaidi.

Upande wa pili wa daftari hilo upo mzigo. Mwenye duka la Kalobeyei humdai mteja, lakini naye hudaiwa na mwenye duka la jumla wa Kakuma au Lodwar, ambaye naye hudaiwa Kitale, Eldoret au Nairobi. Ukata ukianza chini, hupanda hatua kwa hatua. Kiongozi mwenye busara humpigia simu anayemdai kabla ya kupigiwa. Humweleza kiasi kilichokwama, kiasi anachoweza kulipa mwezi huo, na tarehe ya salio. Mdai aliyeambiwa mapema ana nafasi ya kupanga, na mara nyingi hukubali kulipwa kwa awamu. Aliyefichwa mpaka siku ya mwisho hufunga mlango, na habari huenea kwa wasambazaji wengine wote. Kwa mkimbizi jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu hawezi kutoka kambini bila kibali cha kusafiri. Biashara yake na Kitale huendeshwa kwa simu, kwa M-Pesa na kwa jina zuri alilonalo. Jina hilo likiharibika, hana njia ya kupanda basi akalitengeneze uso kwa uso.

Bidhaa zinazoharibika huleta uamuzi mgumu mdogo kila juma, na humo ndimo viongozi wengi hujifunza au hushindwa kujifunza. Kreti za nyanya hupakiwa Kitale, hupita Kapenguria, bonde la Marich, Kainuk na Lokichar, na hufika Lodwar kisha Kakuma katika joto linalokaribia nyuzi 40. Nyanya za chini zinakuwa zimeanza kutoa maji. Aliyenunua kreti kwa shilingi 4,000, akiongeza usafiri, hushawishika kuuza kwa bei itakayorudisha fedha zake, na soko likikataa husubiri kesho. Lakini alichotumia kununua kimekwisha kutumika, na hakirudi kwa kusubiri. Swali la leo ni moja: nyanya hizi zitaleta kiasi gani zikiuzwa sasa, na zitaleta kiasi gani kesho? Kama kesho ni nusu, bei ya hasara ya leo ndiyo bei bora iliyopo. Kanuni hii ya nyanya hutawala pia lori lililochakaa, tawi lisilolipa na mradi ulioanzishwa kwa matumaini. Fedha zilizokwisha kuzama hazistahili kura katika uamuzi wa kesho.

Kazi ya tatu ya kiongozi ni kutazama mbali wakati mambo bado mazuri. Lokichoggio, kaskazini magharibi mwa Kakuma karibu na mpaka wa Sudan Kusini, inaeleza sababu. Tangu mwaka 1989 mji huo mdogo ulikuwa kituo cha operesheni kubwa ya misaada ya Umoja wa Mataifa kwa Sudan ya kusini. Ndege za mizigo ziliruka kila siku, mashirika yalikodi majengo, hoteli na maghala yakachipuka, na wenyeji wakapata ajira. Januari 2005 mkataba wa amani wa Sudan ulitiwa saini, na katika miaka iliyofuata mashirika yakahamia Juba. Amani hiyo, iliyoombewa na wengi, iliuondolea mji mteja wake mkuu. Aliyeanza mapema kuuza kwa watu wengine, kuhamisha mali au kufuata wateja ng'ambo ya mpaka alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuokoka. Dalili zilikuwepo, kwa kuwa mazungumzo ya amani yaliendelea hadharani kwa miaka. Uamuzi wa kuhama au kupanua soko ni mwepesi kifedha wakati faida ipo na mgumu moyoni, kwa sababu hakuna anayeona haja. Faida ikiisha, haja huonekana na fedha hazipo.

Kwa Kakuma, kupanua soko kuna sura zinazojulikana. Wafugaji wenyeji huleta mbuzi, kuni na makaa, na hununua unga, majani ya chai na nguo. Hao hawategemei fedha za kambi peke yake. Lodwar ina watumishi wenye mshahara. Barabara ya kwenda Sudan Kusini ina wasafiri. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 na mpango uitwao Shirika, uliozinduliwa na serikali Machi 2025, vinalenga kuugeuza uchumi wa kambi uwe sehemu ya uchumi wa kaunti, na serikali ya kaunti hutoza ada za leseni kwa maduka ya wakimbizi kama ya wengine. Vikundi vya kuweka akiba navyo ni nguzo: wenyeji wana chama, Wasomali wana ayuuto, Waethiopia wana ekub. Fedha za zamu katika kikundi hazitoki kwa mfadhili, ndiyo maana ni kinga bora kuliko kadi iliyofungiwa droo.

Kazi ya nne inahusu watu. Uamuzi sahihi kwenye karatasi huanguka ukiwapuuza wale ambao utawagusa. Kampuni ya Tullow Oil, iliyogundua mafuta Turkana Kusini Machi 2012, ilijifunza hilo kwa gharama. Oktoba 2013 ilisimamisha kazi baada ya wakazi kuandamana wakidai ajira na zabuni zaidi kwa wenyeji, na kazi ikarudi baada ya mazungumzo na makubaliano. Mwaka 2018 malori ya mafuta ghafi yalizuiwa na wakazi waliotaka kwanza usalama wao ushughulikiwe. Kampuni ilikuwa na leseni na mitambo. Kilichokosekana ni ridhaa ya walioishi juu ya ardhi hiyo. Katika kipimo kidogo, mfanyabiashara wa kambini anayeajiri watu wa kabila lake tu, au mwenyeji wa Lodwar anayemlipa mkimbizi nusu ya ujira wa kazi ileile, hupanda mbegu ya mgogoro ambao siku moja utafunga mlango wa duka.

Wazee wa Kiturkana huketi chini ya mti kuzungumzia malisho, visima na ugomvi, na kila mwenye neno husikilizwa kabla ya jambo kukatwa. Utaratibu huo una thamani katika biashara pia, ukieleweka vyema. Kushauriana hukusanya habari: dereva anajua hali ya laga, mpakuzi anajua gunia lipi lina unyevu, mhudumu wa kaunta anajua mteja gani amepata kazi. Lakini wajibu wa uamuzi haugawanywi. Baada ya kusikiliza, kiongozi huamua, hutaja tarehe ya kuanza, na huwatangazia waathirika yeye mwenyewe. Kama ni kupunguza wafanyakazi, huwaambia ana kwa ana, huwalipa wanachodai, na hueleza kigezo kilichotumika. Kumtuma karani kupeleka habari mbaya huwafundisha waliobaki kwamba zamu yao nao haitaheshimiwa.

Muda nao hupangwa kwa uzito wa jambo. Uamuzi unaoweza kugeuzwa, kama kubadili bei ya sukari au kujaribu msambazaji mpya, ufanywe upesi na ukaguliwe baada ya juma. Usiogeuzika, kama kuuza kiwanja cha Lodwar au kufunga tawi la Kakuma, unastahili usiku kadhaa, hesabu za hali mbaya zaidi, na maoni ya mtu asiyefaidika na jibu lolote. Katika yote mawili inafaa kuandika mistari michache: nini kiliamuliwa, kwa sababu gani, na nini kilitarajiwa. Maandishi hayo humsaidia kiongozi kujua baadaye kama alikosea kufikiri au alipatwa na jambo lisiloweza kuonekana. Mwenye duka aliyekopesha kwa kikomo na bado akapata hasara mwaka 2025 aliamua vyema, na kikomo chake ndicho kilichobakiza mtaji wa kuanzia tena. Aliyekopesha bila kikomo kwa miaka kumi na akapata faida alikuwa na bahati, na bahati hiyo ilikuwa mikononi mwa mfadhili aliye mbali.